WAZIMU SI UOVU: KUTOKA NCHI YA RUNGWE HADI MLANGONI PETU



Kila baada ya muda hufika mjini habari inayokatiza mazungumzo ya barazani: mtu mwenye wazimu kaua, na aliyeuawa ni mama yake, au mkewe, au jirani aliyekuwa akimpelekea sahani ya chakula. Hapo watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema: "Hao wote ndivyo walivyo, wafungwe." Fungu la pili hutikisa kichwa na kusema: "Maskini, hakuwa na akili," kisha hurudi katika shughuli zao.

Fungu la kwanza lamdhulumu mgonjwa ambaye maisha yake yote hajamkwaruza mtu. Fungu la pili lamwacha mama wa watu peke yake ndani ya nyumba, pamoja na hatari ambayo pengine ilikuwa ikijionyesha tangu zamani. Na yote mawili yana kosa moja: yameutazama wazimu, yakasahau kumtazama mtu aliyeshikwa nao. Kabla ya kuugua alikuwa nani? Alilelewa vipi? Alikuwa mpole au mkorofi? Ana marafiki gani, na wanampa kitu gani anywe au avute?

Maswali haya hayakuanza leo. Yana historia ndefu, na katika historia hiyo mna watu walioyauliza vyema na watu walioyauliza vibaya mno. Twapenda tuipitie historia hiyo pamoja nawe, kwani faida yake ni ya nyumbani kabisa.

MASUKULU NA NCHI YA WANYAKYUSA

Tuanzie mbali na bahari. Masukulu ni kata ya wilaya ya Rungwe, upande wa Tukuyu, katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania. Ni nchi ya Wanyakyusa, nchi ya mvua nyingi, ya migomba, chai na kahawa. Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg, wakaifanya makao ya utawala wao.

Twaanzia huko kwa sababu mawazo ya wenyeji wa nchi ile juu ya wazimu, na juu ya hulka ya mtu, yaliandikwa kwa urefu mapema kuliko ya sehemu nyingi za bara. Kati ya mwaka 1934 na 1938 mtaalamu mmoja, Godfrey Wilson, na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa, wakijifunza lugha na kuuliza wazee. Monica Wilson alitoa vitabu juu ya watu hao mwaka 1951, 1957 na 1959. Hatuzitaji itikadi zile ili tuzifuate, la. Twazitaja kwa kuwa ndani yake mna fikira ya kutufaa.

Wanyakyusa wa zama zile walisema wazimu ni wa namna mbili: mmoja hutoka kwa Mungu, na mwingine humpata mtu aliyeacha kutimiza desturi. Mwenye wazimu walimtambua kwa kuwa hapambanui safi na chafu, hula takataka. Ndiyo maana katika matanga yao walikuwa na desturi ya kuwafagilia wafiwa takataka, na wafiwa wakazikubali. Maana yake ilikuwa hii: tukubali uchafu leo kwa hiari yetu, ili wazimu usitujie kesho kwa nguvu. Tazama, basi: katika desturi hii mwenye wazimu hakuwa mnyama mkali wa kukimbiwa. Wazimu ulikuwa jambo linaloweza kumfika yeyote aliyefiwa, yaani kila mmoja wetu.

Ama ukali na madhara, hayo waliyaweka mahali pengine. Waliamini kwamba baadhi ya watu wana chatu tumboni, na kwamba nguvu za chatu huyo ndizo za mchawi anayewadhuru jirani zake kwa tamaa na husuda. Lakini waliamini pia kwamba wako watu wengine, waliowaita abamanga, wenye nguvu za aina ile ile, nao huzitumia usiku kukilinda kijiji. Nguvu ni moja, watu wawili. Kilichowatenga ni tabia. Na tabia njema kwao ilikuwa na jina, ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa raha, kula pamoja, kuzungumza na kusaidiana. Mtu aliyetuhumiwa uchawi kwa kawaida alikuwa mwenye kiburi, mchoyo, asiyekaa na watu.

Sisi hatuna haja na chatu. Lakini fikira ile ya kutenga kilichompata mtu na hulka ya mtu mwenyewe, hiyo tuihifadhi, tutaihitaji mbele.

MAHAKAMA INAULIZA SAA MOJA TU

Dola za kikoloni zilileta swali la namna nyingine, nalo lilizaliwa London. Mwezi wa Januari 1843 mtu mmoja aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, naye Drummond akafa. M'Naghten alikuwa akiamini kwamba watu wa chama cha Tory wanamwandama kila aendako ili wamwangamize. Mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Uingereza nzima ilichafuka, na majaji wakatakiwa waweke kanuni. Wakasema: mtu hana lawama iwapo, kwa maradhi ya akili, hakujua alitendalo, au hakujua kuwa ni kosa.

Kanuni hiyo ilisafiri na bendera. Iliingia katika sheria za adhabu za Afrika Mashariki, ya Tanganyika ikitungwa mwaka 1930, na hata leo kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimejengwa juu ya msingi huo. Mahakama ikiona kwamba mshitakiwa alitenda lakini kwa ugonjwa hakuwa na akili timamu, hutamka kwamba hana hatia, kisha huamuru awekwe mahali pa ulinzi na matibabu.

Mahali penyewe palipatikana kwa taratibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Nairobi ilipata nyumba yake, ambayo baadaye iliitwa Mathari, mwaka 1910. Serikali ya Kiingereza ilifungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na jirani yake pakawa na Isanga, mahali pa wagonjwa waliotenda makosa. Mtu wa Rungwe aliyeua akiwa na wazimu alipelekwa mamia ya kilomita kutoka kwao, akawaacha nyuma wote waliomjua tangu utoto.

Kanuni ya M'Naghten ni ya haki kwa kazi yake. Lakini angalia inachouliza: saa moja tu, saa ya tendo. Haiulizi miaka 20 iliyotangulia, wala miaka 20 itakayofuata. Hakimu hukumu yake humtosha. Familia haimtoshi, kwani familia inaishi na mtu huyo kabla ya saa ile na baada yake.

WATAALAMU WALIOPOTEZA NJIA

Palitokea wataalamu waliodai kuuliza juu ya hulka, nao wakaharibu. J. C. Carothers alikuwa daktari mkuu wa Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hatumii vyema sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikatoa maandishi yake juu ya Mau Mau, ambamo vita vya watu walionyang'anywa ardhi viligeuzwa kuwa taabu ya nafsi.

Katika Algeria, nchi ya Waislamu, mambo yalikuwa yayo hayo. Antoine Porot na wanafunzi wake wa Algiers walifundisha kwamba mtu wa Afrika Kaskazini ni mkali kwa maumbile, na kuua kwake ni jambo la silika. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Blida kuanzia 1953 hadi 1956, aliwajibu Porot na Carothers katika kitabu chake cha 1961: ukali mliouona, alisema kwa maana, mzaa wake ni utawala wenu, haukuzaliwa na damu ya watu.

Ndugu msomaji, kosa la Carothers na Porot lilikuwa nini hasa? Walichukua watu waliokutana nao hospitalini na gerezani, wakatoa hukumu juu ya taifa zima. Badala ya kuuliza mtu huyu ana hulka gani, walisema watu hawa wote wana hulka hii. Nasi tusijione mbali nao. Anayesema "vichaa wote ni wauaji" amefanya kosa lile lile, isipokuwa kabadilisha taifa kwa maradhi.

KIPIMO CHA SIKU HIZI

Maradhi tunayoyazungumza zaidi huitwa skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini mambo yasiyokuwapo, kama kwamba anatiliwa sumu au anaandamwa, na fikira zake hukatika. Wengi huanza kuugua katika ujana. Shirika la Afya Ulimwenguni limewahi kukadiria wagonjwa kiasi cha milioni 24 duniani, yaani mtu mmoja katika kila 300. Hakuna mji wa pwani usiokuwa nao.

Je, ni wakali? Jibu la haki lahitaji hesabu, na hesabu kubwa zimetoka Sweden, ambako serikali huandika kila ugonjwa na kila hukumu. Mwaka 2009 Seena Fazel na wenzake walitoa habari za wagonjwa 8,003 wa skizofrenia, waliofuatiliwa katika daftari za miaka ya 1973 hadi 2006. Asilimia 13.2 walikuwa wamehukumiwa japo mara moja kwa kosa la kudhuru au kutisha, na katika watu wa kawaida waliolinganishwa nao ni asilimia 5.3. Basi tusidanganyane: tofauti ipo. Lakini wagonjwa kama 87 katika kila 100 hawakuhukumiwa hata mara moja. Na walipotengwa waliokuwa na ulevi wa pombe au madawa, kwao idadi ilipanda hadi asilimia 27.6, kwa wagonjwa wasio na ulevi ilishuka hadi 8.5. Sehemu kubwa ya kilichoitwa ukali wa wazimu, kumbe ni ukali wa kilevi.

Kisha likaja swali la hulka. Sheilagh Hodgins alifuatilia watu 15,117 waliozaliwa mwaka 1953 na kukulia Stockholm, na mwaka 1992 akaonyesha kwamba wagonjwa wa akili walitiwa hatiani zaidi ya wenzao. Baadaye, kutokana na kazi yake na ya wengine, alieleza kwamba wagonjwa wa skizofrenia wanaodhuru watu si kundi moja bali matatu.

Kundi la kwanza ni wale waliokuwa wakorofi tangu utoto, kabla ya ugonjwa kuonekana: wakipiga wenzao, wakiiba, wakidanganya, wakikimbia shule. Ugonjwa uliwakuta njiani. Makosa yao ni mengi, na ulevi kwao ni mwingi. Kundi la pili walikuwa watoto watulivu; ukali wao ulianza pamoja na ugonjwa. Kundi la tatu ni dogo, lakini ndilo la kusikitisha zaidi: wanaume wa makamo, wagonjwa wa miaka mingi, ambao hawakuwahi kumgusa mtu, kisha siku moja wakaua, na mara nyingi aliyeuawa ni yule aliyekuwa akiwatunza.

Watafiti wa Sweden walitoa mwaka 2000 kipimo kingine, juu ya wagonjwa wa skizofrenia waliokwisha kutenda makosa. Walipima ukavu wa moyo: kutomhurumia mtu, kutojuta, kutumia watu kwa hila. Waliokuwa na tabia hizo kwa wingi ndio waliorudia kudhuru kuliko wenzao, na hali ugonjwa wao wote ni mmoja. Ndiyo ile fikira ya Rungwe, imerudi kwa njia ya hesabu: kilichompata mtu ni kimoja, na mtu mwenyewe ni mwingine.

Na kuna la kutia moyo. Tangu 1952, pale madaktari wa Paris walipoanza kumtumia mgonjwa wa akili dawa iitwayo klopromazini, wazimu una tiba ya kuutuliza. Mwaka 2014 Fazel na wenzake walionyesha kwamba, katika muda ambao wagonjwa walikuwa wakitumia dawa za namna hiyo, makosa ya kudhuru watu yalipungua kwa asilimia 45 yakilinganishwa na muda ambao wale wale hawakuzitumia.

URITHI WETU

Msomaji wetu ataona kwamba fikihi haikuwa mbali na haya. Kila mtoto wa chuo ajua kwamba mwenye wazimu hahesabiwi kwa alitendalo mpaka apate fahamu, kama vile mtoto hadi abaleghe na aliyelala hadi aamke. Lakini wanavyuoni hawakuishia hapo. Walitenganisha wazimu wa daima na wazimu unaokuja na kuondoka. Mwenye kutenda wakati fahamu imemrudia, huulizwa. Na aliyekunywa kilevi kwa hiari yake, wengi wao hawakumpa udhuru wa mwenye wazimu.

Tena mwenye wazimu akiua, kisasi hakuna. Lakini damu haipotei bure. Dia hulipwa, na kwa wanavyuoni wengi wanaoilipa ni aqila, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Fikiri hekima yake. Mgonjwa hana dhambi, na jamaa hawakuua. Hata hivyo jamaa wamo. Kama mzigo wa baada ya maafa ni wa jamaa, basi ulinzi wa kabla ya maafa ni wa nani?

Na ulinzi haukuwa mnyororo. Nuru al-Din alijenga bimaristani Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284. Hizo zilikuwa hospitali za wakfu, na wagonjwa wa akili walikuwa na nafasi yao ndani yake. Kabla yao Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akieleza kwamba nafsi nayo huugua na huhitaji matibabu.

BASI TUFANYEJE?

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, uliza kwanza swali tulilolianza: alikuwa nani kabla ya kuugua? Aliyekuwa mpole tangu utoto, usimfanyie kama simba kwa sababu ya mgonjwa mwingine uliyesikia habari zake. Aliyekuwa na mkono mwepesi na moyo mkavu tangu udogo, huruma yako isikufumbe macho. Mweleze daktari habari hizo za zamani, kwani ni sehemu ya ugonjwa anaotakiwa autibu. Wazazi wengi huzificha kwa aibu, wakataja sauti na majini peke yake.

Pili, mwepushe na kilevi. Iwe kimpumu huko Tukuyu, iwe tembo la mnazi, bangi au unga kwetu pwani, anayempa mgonjwa wa akili kilevi ili watu wacheke, hajui anacheza na nini.

Tatu, dawa zisikatwe kwa kuwa amepata nafuu. Nafuu ile ndiyo kazi ya dawa. Ukitaka kumsomea, msomee, na sindano yake ya kila mwezi aende akachome. Hospitali ziko: Mirembe huko Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi, Port Reitz Mombasa, na wauguzi wa wilaya walio karibu zaidi.

Nne, mgonjwa akiacha kulala, akiacha dawa, akaanza kumtaja mtu mmoja wa nyumbani kwamba ndiye anayemwua kwa sumu au uchawi, hilo si jambo la kungojea Ijumaa ipite. Mtu anayetajwa aondoke kwa muda, visu na mapanga yafichwe, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usimwachie bibi mmoja mzee kazi hiyo. Kumbuka kundi la tatu: anayeuawa ni mtunzaji, na mara nyingi mtunzaji huachwa peke yake.

Mwisho, watoto wetu wakimrushia mawe mwendawazimu sokoni, tuwakanye. Wagonjwa hawa hupigwa, huibiwa na hunajisiwa mara nyingi kuliko wanavyowadhuru wengine, na anayepigwa mawe kila siku halaumiwi peke yake siku akiokota jiwe.

Wazimu ni maradhi, na maradhi hayana dini wala kabila. Uovu ni tabia, nao humpata mwenye akili timamu na asiye nazo. Mwenye kuvichanganya viwili hivi humwadhibu asiye na kosa, na humwacha mwenye hatari bila mlinzi. Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu, awaponye waliougua, na awape nguvu wanaowatunza. Amin.